Tafadhali ya Misumari

Fundi viti huyu aliitwa Misumari, na jina halikumwonea. Akianza kugonga kitambaa kwenye fremu, hujaza misumari midogo midomoni, minane au kumi hivi, akiitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Binti yake aliolewa mbali, kwenye nyumba isiyojua lugha nyingine ila Kiarabu, na huko akazaa mtoto wa kike. Mjukuu alikuwa na miaka mitatu na ushei, na lugha ya babu yake hakujua hata neno.

Misumari hakuwa mtu wa kukaa akisikitika. Alinunua kitabu cha Kiarabu, akakisoma kila asubuhi kabla ya kufungua karakana, miezi minane mfululizo, akilitamka kila neno mpaka herufi yake ya mwisho. Lakini kila Ijumaa simu ya video ikipigwa, mtoto alimtazama kidogo, kisha huyo, kashika njia. Na babu hakutaka kingine. Alitaka mjukuu akae.

Ijumaa moja alimwambia, "Tafadhali, kallimini," akimwomba azungumze naye.

Mtoto akarudi mbio, akanyoosha mkono kwenye simu. Babu akangoja. Mtoto naye akangoja, kiganja wazi. Halafu akaangua kilio.

"Jamani, nimemfanya nini?"

"Baba," binti alisema, kicheko kimemkaba, "tafadhali ya huku siyo ya kwetu. Huku ukimwambia mtu tafadhali, ni kama kusema karibu, chukua. Analia kwamba babu anasema chukua, na mkononi hana kitu."

Jumatatu yake vililetwa viti sita vya duka la dawa. Mwenye duka, mama mfamasia, Kiarabu alikinyonya pamoja na maziwa. Misumari alimsalimu kwa sentensi nzima ya kitabuni, akamweleza habari za mjukuu, na mama yule akakaa kitako kwenye kiti kisicho na mto.

"Fundi, unaongea kama msoma taarifa ya habari. Huyo mjukuu si atadhani vita vimetangazwa?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, mama."

"Kitabu hakina wajukuu. Mtoto akilia, unamuulizaje?"

"Limadha tabkina."

"Maskini mtoto. Huyo si babu, ni hakimu. Sema lesh, kwa nini. Lesh tu, inatosha."

Kazi haingoji mazungumzo. Misumari alitia misumari midomoni, akaendelea kugonga huku akijaribu maneno yake, na kwa kuwa mdomo uliojaa chuma hauna nafasi, miishio yote ikabaki kooni. Mfamasia akainua kichwa.

"Hebu rudia hilo."

Akarudia.

"Sasa umeongea kama mjomba wangu. Unameza mikia ya maneno, yaani, barabara kabisa."

Misumari akaitema misumari kiganjani. "Hivi yaani yenu nayo ni yaani?"

"Yaani ni yaani. Na wallahi ni wallahi."

"Basi nusu ninayo tangu utotoni. Miezi minane yote nilikuwa najifunza kuhutubia."

Viti vile vilichukua siku nne, na mama hakukosa hata moja. Siku ya kuvichukua alimwachia neno dogo: wa baadein, maana yake, halafu ikawaje. "Watoto wana wasemaji wa kutosha," akamwambia. "Mpe hilo, kisha nyamaza."

Ijumaa mtoto alitokea kwenye simu akicheka peke yake, mguu mmoja umeshageukia mlangoni.

"Lesh?" aliuliza babu.

Mtoto akasema kitu, upesi upesi.

"Wa baadein?"

Akasogea.

"Wallahi? Wa baadein?"

Akaketi chini. Robo saa nzima alisimulia, kwa mikono na macho, na mwishowe akatazama nyuma yake, akaweka kidole midomoni, akanong'ona. Katika yote hayo Misumari alinasa maneno matatu: bibi, kiatu, friji.

Binti akaichukua simu. "Kakwambia nini muda wote huo?"

"Mambo yetu."

"Lakini umemwelewa, baba?"

"Panapohusika."

Nyumba ile walitafuta kiatu cha bibi siku mbili. Jumapili wakampigia babu, wakamuuliza kama mtoto alimdokezea lolote. Akawajibu kwamba yeye ni fundi viti. Habari za viatu wawaulize wenye viatu.