Fundi Cherehani Anayepima Hatua za Wakimbiaji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Uwanja bado una umande, na Mama Futi amepiga magoti kwenye njia ya kukimbilia, anabandika vibandiko vyeupe kwenye mguu wa binti mkimbiaji: nyonga, goti, kifundo. Kila kimoja anakiminya kwa kidole gumba mpaka ahakikishe kimegusa ngozi.

"Mama, leo unanibandika au unanikanda?" binti anamtania.

"Nyamaza wewe. Nikikosea tena nitaficha wapi sura yangu?"

Mgeni atadhani ni utani tu. Kumbe humo ndani mna kidonda.

Mama Futi, mwenye miaka arobaini na sita, alishona nguo kwa miaka kumi na minne kabla ya kusomea sayansi ya mwendo wa mwili michezoni. Jina alipewa na wateja, kwa sababu ya futi ya kupimia iliyokuwa haibanduki shingoni. Sasa klabu ya riadha imemwajiri apige video za wanariadha, picha mia mbili na arobaini kwa sekunde, kisha apime pembe za miguu yao kwa kompyuta inayofuata vibandiko. Ni kazi ya macho na subira, na macho, jamani, hudanganywa.

Mwaka jana alidanganywa na nguo. Asubuhi moja ya baridi binti huyu alikuja na bukta pana, naye Mama Futi akabandika kibandiko cha nyonga juu ya kitambaa. "Fundi gani haamini nguo?" anasema, na kicheko chake hakifiki mbali. Bukta ikapepea, kibandiko kikahama, kompyuta ikatoa pembe ya uongo. Akamwambia binti wa watu arefushe hatua. Wiki ya sita, mfupa wa muundi ukapata ufa. Binti akakaa nje miezi mitano.

Kocha alilaumu viatu. Mama Futi ndiye aliyeirudia video, akaona bukta inavyocheza. Angenyamaza, yangekwisha. Lakini mficha uchi hazai. Akafunga safari hadi kwa wazazi wa binti na kusema yote.

"Mama yake hakunikaribisha kiti," anakumbuka. "Ilikuwa haki yake."

Jumamosi hii kuna mchujo wa timu ya taifa. Binti anautamani, kocha anamtaka akimbie, na wote wanasubiri video ya leo. Binti akishakimbia, Mama Futi anaichezesha polepole mara tatu. Mguu ulioumia bado unakwepa uzito.

"Hapana, mwanangu. Bado wiki nne."

Kocha anaondoka bila kuaga. Binti anajifuta machozi. "Una hakika, Mama?"

"Njoo utazame mwenyewe."

Wanatazama bega kwa bega. Mwishowe binti anainama na kufungua kamba za viatu. "Basi msimu ujao," anasema.

Mama Futi anapanga kufundisha wengine kazi hii, na somo la kwanza litakuwa kosa lake mwenyewe. Kuhusu medali, hana haraka.

"Nataka huyu akifika umri wangu," anasema, "apande ngazi bila kushika ukuta."