Nilitia Saini Mkataba Uliowaondoa Wachambua Mchele

Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina, maana hapa Mpanda tunafahamiana. Nina miaka sitini na miwili. Naendesha mitambo katika kinu cha kukoboa mpunga, na kwa miaka tisa nimekuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi hapo kinuni.

Wanachama ni sisi wenye ajira ya kudumu, kwa sababu ada hukatwa kwenye mshahara. Akina mama waliokuwa wakichambua mawe kwenye mchele walilipwa kwa debe, hivyo hawakuwa wanachama. Mmoja wao ni shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu.

Mwaka jana tulidai nyongeza ya mshahara. Baada ya mvutano mrefu tajiri, mwenye kinu, aliniita peke yangu.

"Mzee, nyongeza nitatoa," alisema. "Lakini sina pa kuipata ila kwa wale akina mama. Nitaleta mashine ya kuchambua."

Nikamwambia kwamba wana watoto. Akacheka.

"Kwani wanakulipa ada? Tetea watu wako."

Nikatia saini.

Siku nilipotangaza mkataba, akina mama waliweka nyungo chini wakapiga vigelegele. Shemeji akauliza, "Na sisi je, shemeji?" Nikamjibu, "Yenu yatafuata." Nilijua fika yatakayofuata. Mashine ilifungwa kabla ya mavuno, na wote kumi na wanane wakaambiwa wasirudi. Wenzangu sasa wanaezeka nyumba kata ya Misunkumilo. Shemeji analima mashamba ya watu, na binti yake aliyekuwa kidato cha pili yuko naye huko na jembe.

Juma lililopita shemeji alikuja na mwenzake wa kinuni.

"Shemeji, wewe unajua kuandika, na tajiri anakuheshimu. Tuandikie barua aturudishe hata nusu yetu."

Mwenzake akatania, "Ukifanikiwa, mzee, nakuchinjia kuku. Ila amekonda kama mimi."

Niliitikia kwa kichwa tu.

Jumapili wanakuja kuichukua barua, nami sijaandika hata mstari. Tajiri akiipokea, atawajibu kwamba mwenyekiti alijua tangu mwanzo. Nikiwaambia mwenyewe, shemeji hatakanyaga tena kwangu, na watoto wake hawana baba mwingine isipokuwa mimi. Ninyi mnaosoma, nishaurini: nimweleze shemeji kabla ya Jumapili, na nikimweleza, nianzie wapi?