Kanuni ya Mkuki Mmoja

Kila Jumapili baada ya misa, pale Usevya, tulicheza vita vya kubuni mezani kwa shemeji. Kila mmoja alikuwa na shujaa wake, dadu ziliamua, na shemeji aliwaendesha maadui. Shujaa wangu alirusha mikuki miwili kwa zamu moja.

Siku moja nimefika tu, shemeji akatangaza: kuanzia leo, pigo moja kila zamu.

"Tumekubaliana," alisema.

Nani na nani, wakati mwenye mikuki miwili ni mimi peke yangu? Wenzangu wote wakainamia karanga. Nikajua kuna namna.

Mchezo ukaanza. Kiboko wa shemeji akatoka mtoni, akamng'ata shujaa wangu mara mbili kwa zamu moja.

"Na kanuni je?"

"Kiboko hakuwepo kwenye kikao, shemeji."

"Hata mimi sikuwepo."