Nani aliipeleka nyumba ya Rosebella kwenye televisheni?

Saa moja kasorobo asubuhi, umande ungali juu ya mabati ya soko la Sigalagala, Kakamega, lakini Rosebella Shikanga amekwisha kuketi kwenye cherehani yake. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, na ovaroli ya buluu ya mwanafunzi wa chuo cha ufundi inapita chini ya sindano. Midomo ameifumba, lakini kooni unatoka wimbo wa kanisa, polepole.

Mteja wa kwanza anapanda kibarazani. Rosebella anamzungushia tepu kiunoni, anaitazama, kisha anarudi kitini. Haandiki chochote. Anabadilisha wimbo tu.

Halafu anamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Fungua hiyo daftari nione. Soma vile umeandika."

Mwandishi anasoma. Rosebella anasikiliza huku ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza cherehani yenye hitilafu.

"Hapo umeongeza. Mimi sikusema nina shida. Nimesema ovaroli moja hunipa shilingi mia na ishirini. Shida umeleta wewe. Toa."

Neno linafutwa. Mama huyu wa miaka arobaini na sita ana sababu ya kuwaogopa watu wanaoandika. Kwa miaka minne, kuanzia 1993 hadi mwaka jana, nchi nzima ilikaa Jumapili jioni kucheka mambo ya nyumbani kwake, na yeye, kwa miwili ya kwanza, hakujua nani aliyekuwa akiyatoa.

Kipindi chenyewe kiliitwa Kina Lipala. Kilikuwa cha nusu saa, saa moja unusu jioni, katika kituo kimoja cha Nairobi. Mzee Lipala alikuwa mpiga gitaa aliyestaafu kazi ya reli. Mkewe, Mama Zipora, alikuwa mkali kama pilipili, na watoto wao wote walipiga ala mezani, msalani na hata mbele ya wakwe. Waigizaji waligeuza l kuwa r na r kuwa l, na watu wa Kakamega wakacheka matamshi yao wenyewe mpaka wakashika mbavu.

Nyumba ya Shikanga nayo ni ya muziki. Mumewe Rosebella, fundi mwashi, hupiga gitaa. Rosebella hukwaruza chupa ya soda kwa kijiko kuweka mdundo. Dada mdogo wa Shikanga, Beldina, ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza. Binti yao Jescah alijifunza kuimba kabla ya kutembea. Hakuna harusi wala matanga kutoka Sigalagala hadi Matete ambayo hawakualikwa.

Televisheni ilikuwa kwa jirani yao, Mwalimu Dorothy, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Jumapili moja, kipindi kikiwa na miezi miwili tu, Mama Zipora alimkuta mumewe akipiga gitaa jikoni njaa ikiuma. Akashika kiuno, akasema, "Hilo gitaa hata ulichemshe siku tatu haliivi!"

Sebule nzima iliangua kicheko. Rosebella hakucheka.

"Hayo maneno ni yangu," anasema. "Nilimwambia Shikanga, jikoni kwangu, mlango umefungwa. Nikatazama wale watu wanacheka. Nikajiuliza, ni nani hapa?"

Shikanga, mtu mpole anayezungumza kama anayeomba radhi, anakumbuka tofauti. "Mimi nilijua ni sisi. Nilifikiri ni heshima. Nikacheka."

Kicheko hicho mkewe alikiweka akibani kama ushahidi.

Wiki zilivyopita, mambo yalizidi kufanana. Ugomvi wa kiti cha mbele kwenye harusi. Mjomba aliyeimba sauti ya nne usingizini kanisani. Rosebella alianza kunyamaza mezani. Akifika mtu, anaziba sufuria na maneno pamoja.

Lakini kilichomtisha hakikuwa kicheko. Jescah hakumzaa yeye. Ni mtoto wa marehemu dada ya Rosebella, Nasambu, aliyefariki mtoto akiwa na miezi mitano. Rosebella alimbeba, akamnyonyesha kwa chupa, akamlea kama wake. Mtoto hakuambiwa. Waliojua, kwa hesabu ya Rosebella, walikuwa wanne: yeye, Shikanga, Beldina, na Mwalimu Dorothy aliyemwandikisha shule.

Julai 1994, kwenye televisheni, Mama Zipora alisikia wimbo redioni akaangua kilio. Ulikuwa, alisema, wimbo wa marehemu dada yake.

"Nilimtazama mtoto," anasema Rosebella. "Jescah alikuwa ameketi karibu na goti langu. Nikaona kabisa: juma lijalo watamtaja mtoto."

Macho yake yakamwangukia wifi yake. Beldina alikuwa akipokea bahasha nene kutoka Nairobi kila mwezi. Akizipata, alizisoma nyuma ya nyumba na kuzificha chini ya godoro. Akiulizwa, "Za nani?" alijibu, "Za watu."

Alhamisi iliyofuata, kwenye mazoezi ya kwaya, Rosebella alisimama katikati ya akina mama wenzake.

"Mulamwa, wifi yangu," alimwambia Beldina, "unauza jiko langu Nairobi. Wanakulipa ngapi?"

Beldina alidhani ni mzaha. Akatabasamu. Tabasamu hilo likamchoma Rosebella zaidi.

"Nyoka akikaa sana nyumbani huitwa mwenyeji," akaendelea. "Lakini ni nyoka."

Beldina alikunja kitabu chake cha nyimbo, akatoka. Siku iliyofuata alikwenda kwa shangazi yake Khwisero na sanduku moja. Shikanga hakula kwa mkewe siku mbili.

Katika haraka ya kuondoka, Beldina alisahau bahasha moja chini ya godoro. Rosebella aliifungua. Ndani mlikuwa na karatasi za mistari mitano mitano na maswali ya mtihani. Yalikuwa masomo ya kusoma noti za muziki kwa njia ya posta. Juu, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika alama: thelathini na nane kwa mia. Beldina alificha kwa sababu alikuwa akianguka.

"Uliona aibu?" mwandishi anauliza.

Rosebella anakata uzi kwa meno. "Sikuona. Hiyo ndiyo mbaya. Nilisema, huenda hizi ni za kufunika zile zingine."

Septemba, Shikanga alialikwa kupiga gitaa kwenye harusi huko Matete. Alipofungua kasha la gitaa mbele ya wazee wa pande zote mbili, alikuta kuku amelalia mayai tisa. Rosebella alikuwa amemweka humo kumkinga na kicheche, na gitaa lilibaki nyumbani juu ya kabati.

Novemba, Mzee Lipala alifungua kasha lake kwenye runinga. Kuku akaruka. Mayai tisa.

Beldina alikuwa Khwisero tangu Agosti, na hakuwa amezungumza na mtu wa nyumba hiyo. Isingewezekana kuwa yeye. Badala ya kutulia, shaka ya Rosebella ilihama tu, ikaingia chumba kingine.

Walibaki wawili. Alimtegea kila mmoja mtego wake. Kwa Shikanga, Rosebella alisema kwamba marehemu baba yake mwenyewe aliwahi kuiba kengele ya shule akaificha kisimani. Kwa Mwalimu Dorothy, alisema kwamba siku ya harusi yake mwenyewe alizirai aliposikia tarumbeta. Yote mawili yalikuwa uongo mtupu. Kisha akaketi kila Jumapili, mikono mapajani, akingoja kengele au tarumbeta.

"Ndoa haiendi hivyo," anasema Shikanga. "Nikisema nimechoka, ananiangalia kama nimesema kwa Kijerumani. Tuliacha kuimba. Utaimbaje na mtu anayesikiliza kama utateleza?"

Kengele haikuja. Tarumbeta haikuja. Machi 1995, kilikuja kitu kingine.

Mama Zipora alikuwa amepewa cherehani. Mteja mnene akaingia, akapimwa kiuno, na Mama Zipora, badala ya kuandika, akaanza kuimba. Binti yake akamuuliza kwa nini. "Inchi arobaini na mbili," akajibu, "ni wimbo nambari arobaini na mbili. Nikiimba huo, sisahau kiuno chake."

Hiyo ndiyo siri ya kibaraza cha Sigalagala. Rosebella aliacha shule darasa la tatu, na kuandika humchosha, lakini nyimbo zote za kitabu cha kanisa anazijua kwa nambari. Shikanga hakuwahi kugundua. Dorothy hununua nguo zilizoshonwa tayari. Mtu mmoja tu aliwahi kuuliza, "Mama, mbona kila mtu unamwimbia wimbo wake?"

Alikuwa Hasina, msichana wa Mumias aliyefanya kazi Nairobi. Kila mwisho wa mwezi, akija kuwaona wazazi wake, alipitia Sigalagala kushonewa. Mpole, mwenye kusikiliza. Alisema kazi yake ni kuandika ofisini, na Rosebella akaelewa kwamba anapiga chapa. Alikaa kwenye benchi saa mbili, saa tatu. Na Rosebella, ambaye nyumbani alikuwa ameziba kila tundu, kibarazani alimwaga yote: gitaa lisiloiva, mjomba, kuku, mayai. Siku moja ya mvua kubwa, soko likiwa tupu, alimwaga pia habari ya Nasambu na mtoto.

"Nilitafuta mwizi nyumba nzima," anasema. "Kumbe mlango niliufungua mimi."

Mwishoni mwa Aprili, Hasina alifika kama kawaida.

"Asalaam aleikum, Mama Jescah."

"Keti." Rosebella hakuitika salamu. "Unaandikanga nini huko Nairobi?"

Msichana alitazama viatu vyake. "Naandika kipindi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Wallahi, Mama, nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo sababu unanihadithia."

Rosebella anasimamisha cherehani anapolifikia jambo hili. "Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Uso wake ulikuwa wa mtu mkweli. Lakini huo uso ndio uliokaa hapo miaka miwili."

Alimuuliza swali moja tu la mwisho. "Na habari ya mtoto?"

"Dada yako nilimgusa mara moja, nikaona nimegusa moto. Nikaacha. Ya Jescah sijaandika, na sitaandika."

"Toka."

Hasina hakurudi tena Sigalagala.

Ahadi hiyo haikumpa Rosebella usingizi. Jescah, wakati huo akiwa na miaka kumi na saba, alikuwa nyumbani kwa likizo. Siku ya tatu, wakichambua mrenda nje ya jiko, Rosebella alimwambia kabla televisheni haijamwambia.

Jescah hakulia. Aliendelea kuchuma majani, moja moja, mpaka kikapu kikajaa vijiti na majani pamoja.

"Alikuwa anaimba?" akauliza hatimaye.

"Sauti ya pili. Kama wewe."

Kisha likaja swali ambalo Rosebella anasema bado linamwamsha: "Kwa nini ulimwambia mteja kabla yangu?"

"Nikamjibu ukweli," anasema. "Mteja ukimwambia kitu anachukua nguo yake anaenda. Wewe ungebaki. Niliogopa kukutazama ukiwa umejua."

Jescah leo ana miaka ishirini na anasomea umeme chuoni, hatua chache kutoka kibaraza. Ndiye aliyemruhusu mama yake kusema haya gazetini, na alitaka kusomewa kwanza. "Nilikasirika mwaka mzima," anasema. "Halafu nikachoka. Mama ni huyu. Huyo mwingine namwimbia."

Kina Lipala kilimalizika Oktoba mwaka jana, baada ya mwigizaji wa Mzee Lipala kuugua. Habari ya mtoto haikutajwa hata mara moja. "Hasina alitunza ahadi. Hilo nampa," anasema Rosebella. Lakini Mwalimu Dorothy alipotaka kumsimulia kipindi cha mwisho, alimzuia kwa mkono: "Usiniambie."

Kwa mumewe na kwa Dorothy ameomba msamaha. Shikanga amerudi kupiga gitaa, ingawa, anasema akicheka kidogo, kasha hulikagua kwanza.

Kwa Beldina bado. Wifi yake alimaliza masomo yale ya posta baada ya kurudia mtihani mara tatu, na sasa anaongoza kwaya ya kanisa moja Khwisero. Rosebella amekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuta mlango umefungwa. Mara ya pili alikaribishwa kwa obusuma, ugali wa kwao, na mchuzi.

"Alinichinjia ingokho, kuku mzima," anasema, "na hakunipa neno. Tuliongea mvua. Nilipoanza kusema lile lililonipeleka, akasimama kuosha vyombo. Nilielewa. Nilimtukana hadharani, sasa nataka kutubu jikoni?"

Jumapili ya kwanza ya Desemba, kwaya ya Khwisero itakuja Sigalagala kwa sherehe ya mavuno. Rosebella amekwenda kwa mchungaji na kuomba dakika tano kabla ya sadaka. Mchungaji alimuuliza ataimba nini. Alijibu kwamba haimbi.

Atasimama pale aliposimama mwaka wa 1994, atamtaja Beldina kwa jina, na atasema wazi kwamba jiko lake aliliuza mwenyewe. Hajui Beldina atafanya nini. Huenda akatoka tena na kitabu chake mkononi.

"Akitoka, atoke," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii haulizi kilichoandikwa daftarini. "Wale akina mama waliokuwa mazoezini siku ile ni kumi na wanne, na wote wako hai. Sitaki hata mmoja azikwe akiamini uongo wangu."