Kaske ya Kumsikia Baba

Baba yangu aliimba besi katika kwaya ya kanisa letu pale Kindu, na homa ilipomchukua alituachia kaseti moja tu, ya nyimbo za Pasaka. Kwaya nzima imo. Lakini redio yetu ya nyumbani ilitoa sauti za wanawake tu, besi yote inamezwa. Mama alikuwa anainama mpaka sikio linagusa redio, halafu anasema, "Mi simusikii," na kulia. Kila siku hivyo hivyo. Nilichoka kumwona akilia mbele ya redio, nasema kweli.

Na makelele yale! Nyuma yetu baa, mbele yetu uwanja ambapo asubuhi watu walipangwa kuimbia chama na kiongozi, mikono juu, viuno vinacheza, upende usipende. Utamsikia marehemu wapi hapo?

Mjomba, ndugu ya mama, alituazima karadio kake ka kaseti, kale ka kuvaa kiunoni. Kaske yake, ya kuvaa masikioni, ilikuwa imevunjika. "Umutafutie mama ingine," aliniambia. "Lakini isikuwe kaske ya ovyo. Ifunike sikio yote, na besi itoke."

Basi nilifunga kaseti kwenye ncha ya kitenge, nikaenda sokoni kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Wale watu hawachezi na biashara. Alinitolea kaske tatu, akasimama na kuniangalia.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, na sponji mbili kama vipande vya godoro. Niliwasikia wanawake, na pamoja nao wabeba mizigo wote wa soko: "Pisha! Pisha!" Nikaivua. Ya pili ilikuwa mpya inang'aa, na besi yake, ee Mungu wangu, ilinitetemesha meno. Ngoma tu! Waimbaji wenyewe wamezama. Halafu bei yake ilikuwa ya watu wenye pikipiki, si ya muuza mchele kama mimi.

Ya tatu ilikuwa kuukuu, ngozi yake inabambuka, upande mmoja umefungwa kwa kamba. Niliivaa bila matumaini. Ikanibana kichwa, soko likaenda mbali. Chini ya sauti zote nikamsikia baba. Alikuwa anavuta neno la mwisho wakati wenzake wamekwisha kunyamaza. Walimgombeza miaka yote kwa tabia ile, na hakuacha. Machozi yalinitoka mbele ya watu.

"Sitwayene, iko nini?" mwenye duka akashtuka, akiniita raia kama chama kilivyotaka. "Nimekukosea?"

"Hapana, papa. Njo baba yangu, ndiye anaimba humu. Amekufa. Punguza bei."

Aliniangalia kidogo. "Pole sana, mama. Lete ile uko nayo."

Siku ile mama alicheka, mara ya kwanza tangu matanga. Lakini subiri. Ile kaske ilifukuza baa na uwanja, ikatufukuza na sisi. Mama alikaa mlangoni akiimba sehemu yake ya kwaya, alto, kwa sauti kubwa kama kiziwi, halafu ananyamaza ili baba aitikie. Sisi tulisikia ukimya tu. "Mama, wali inaungua!" Wapi! Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na wivu. Na kaske hakumpa mtu.

Mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa ghali. Yakichoka tulikuwa tunayaanika juani, yanapata nguvu kidogo, yanachoka tena. Alasiri moja nilikuwa nimetoka kuyarudisha ndani ya karadio, mdogo wetu wa mwisho akamshika mama nguo. Huyu alikuwa bado mgongoni baba alipokufa. "Mi pia nataka baba," akasema.

Mama akamkalisha mlangoni. Kisha akamvalisha kaske na kumpakatisha karadio.

Mtoto akasikiliza, uso umekunjamana. "Wote wanaimba. Baba njo nani?"

Mama akapiga magoti mbele yake ili amwonyeshe. Akaanza kuimba sehemu ya baba. Akashuka, akashuka, sauti ikamkwaruza kooni, haikufika. Akajaribu tena. Mwishoni akalivuta lile neno mpaka pumzi ikakatika.

"Njo huyu!" mtoto akapiga kelele, macho amefumba. "Namusikia! Baba anaimba muzuri!"

Mama akamkumbatia, anacheka, analia, anamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa naangalia kale kadirisha ka karadio. Kaseti ilikuwa imesimama. Mawe yalikwisha wakati mama bado anaimba, na sauti iliyopenya ile ngozi ilikuwa yake mwenyewe.

Sikusema neno. Mdogo wangu leo ana watoto wake, na huwa anawaambia kwamba kitu kimoja anachokumbuka kwa baba ni sauti.