Usukani Uliogeuka Jiwe

Ninyi vijana mnaozungusha usukani kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umeshika simu, kaeni niwaambie. Mjukuu wangu ameniambia siku hizi kuna magari yanayoisoma barabara yenyewe. Yakikuta imelika yanajisahihisha, dereva kazi yake ni kuangalia tu. Sawa. Sibishani na wenye shule. Mimi nilisoma madrasa na kisomo cha watu wazima, basi. Lakini habari za usukani nazijua, maana uliniumiza ingawa sijaendesha gari hata siku moja.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo, Dodoma kwenda Kondoa na kurudi. Barabara ile wakati huo ilikuwa vumbi tupu, imejaa matuta madogo madogo kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na magurudumu ya malori yamechimba mifereji. Lori likiingia mferejini, usukani unageuka wenyewe kwa nguvu. Ndiyo maana madereva walishika usukani vidole gumba vikiwa nje, visije vikanaswa. Siku moja yeye alisahau. Usukani ulirudi ukamvunja kidole kama kijiti.

Alikuwa akifika nyumbani mabega yamevimba. Namkanda kwa maji ya moto. Nikikanda vibaya, kofi. Chai ikipoa, kofi. Mtoto akilia, anachukua mkanda wa feni, ule mpira mweusi wa injini, alioutundika nyuma ya mlango. Hili jino ninalolikosa hapa mbele lilitoka kwa sababu ya ugali uliokuwa na madonge. Majirani wakiuliza nawajibu kwamba barabara inampiga yeye, naye anatupiga sisi. Nami niliamini. Hata wanangu wawili niliwafundisha hivyo: baba yenu si mbaya, ni ile barabara.

Wanangu walipokuwa wamevuka utoto ikaja ruksa, serikali ikaachia watu wafanye biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni na khanga, na magari yaliyotumika ya Kijapani yakaanza kuonekana mjini. Mume wangu akashirikiana na dada yake, mfanyabiashara wa karanga, wakanunua pikapu. Siku ya kwanza aliniita uani.

"Njoo uweke mkono. Zungusha."

Nikazungusha kwa kiganja kimoja, magurudumu yakageuka mchangani.

"Umeona? Humu kuna mafuta yanasukuma. Barabara ikivuta kushoto, lenyewe linakusaidia kurudi. Mimi nashika tu."

Tangu siku hiyo hakunipiga. Alirudi safari mabega mazima, anaomba maji ya kunawa kwa sauti ya chini mpaka watoto wakawa wanatazamana. Mkanda ukashika vumbi pale mlangoni. Nawaambieni ukweli, nilikuwa naliombea dua lile gari kabla ya kuwaombea wazazi wangu. Niliona amani yangu yote imo ndani ya ule usukani.

Siku ya ajali tulitoka Kondoa asubuhi na magunia ya karanga nyuma. Mume wangu anaendesha, mimi katikati, wifi yangu mlangoni. Tulipofika juu ya mteremko mrefu ulionyooka, mume wangu akazima injini. Alikuwa na mazoea hayo tangu miaka ambayo dizeli ilikuwa haipatikani. Madereva wote wa malori walishuka hivyo, lori linaserereka lenyewe.

"Kaka, gari limelala?" wifi akamtania.

"Tulia, dada. Linakwenda kwa neema ya Mungu."

"Mungu naye umemfanya utingo wako!"

Wakacheka. Mimi nilinyamaza, kiti kilikuwa kinanichoma mgongo. Huko chini mvua ilikuwa imekata barabara nusu, limebaki korongo. Mume wangu akageuza usukani. Haukugeuka. Akavuta kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imesimama, usukani jiwe. Breki zikakubali mara mbili, mara ya tatu zikawa ngumu kama kisiki. Gari likaingia korongoni, likalala upande wa mlango wa wifi. Nilisikia mfupa wake ukivunjika chini yangu. Magunia yakapasuka, karanga zikatumwagikia na vioo na damu.

Mume wangu alitoka kwa dirisha lake, akanivuta nje kwa mkono. Nikadhani ananiokoa. Akanipiga kofi nikaanguka, akanipiga teke la tumbo.

"Wewe ndiye uliyeniongelesha!"

Sikuwa nimesema neno. Wifi yangu, mkono umebanwa chini ya gari, akapiga kelele kutoka kule ndani:

"Kaka! Mimi ndiye niliyeongea! Njoo unipige mimi!"

Hakwenda. Watu waliokuwa shambani ndio waliokuja na majembe, wakalifukulia gari wakamtoa. Hospitalini wakaukata ule mkono juu ya kiwiko.

Wiki kadhaa baadaye gari likavutwa mpaka gereji Dodoma. Nilikuwepo, nimekwenda kuchukua vyombo vyetu. Fundi akamuuliza, "Mzee, ulizima injini?"

"Nimezima injini miaka yote!"

"Lori lile la zamani, sawa. Hili msaidizi wa usukani na breki anaendeshwa na injini. Ukiizima, umemuua." Kisha akacheka kidogo, na mafundi wenzake wakacheka.

Kicheko hicho nikakilipia mimi. Alasiri hiyo alifika nyumbani, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Mkanda ulinipata shingoni, wa pili mgongoni. Wifi, tuliyekuwa tunamuuguza kwetu, alikuwa mkekani na kipande chake cha mkono kimefungwa bendeji, anapiga kelele aachwe huyo mwanamke. Wanangu walikuwa ukutani, wameshakuwa wanaume wenye ndevu, wanaangalia chini kama nilivyowafundisha.

Barabara ilikuwa mbali. Usukani ulikuwa gereji, umefunguliwa vipande. Hapakuwa na kitu kingine cha kusingizia. Akainua mkanda mara ya tatu nami nikaudaka, ukanichana kiganja, sikuuachia. Nikawaambia wanangu:

"Wewe shika mkono wa kulia, wewe wa kushoto. Mfungeni kwa kamba ya mbuzi, asifunguliwe mpaka niseme mimi. Na kuanzia leo, atakayempiga mtu ndani ya uzio huu, awe baba yenu, awe mmoja wenu, afungwe hivyo hivyo."