Mkono Juu ya Kabati

Mama mkaguzi wetu wa umeme, hapa kiwanda cha shaba Kitwe, haamini macho yake wala maneno ya mtu. Kila waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, anauvuta kama anayemvuta mtoto sikio, huku akiunong'oneza, "Umeshika, baba?" Jana bosi Chisenga alimjia juu: "Mama, washa bwana! Kaluba kasema nyaya zote za kuongozea mitambo, na za ethi, zimekazwa." Kaluba ndiye mimi, fundi niliyeapa kwa marehemu bibi yangu. Mama akatabasamu. "Haya. Kaluba, weka mkono hapo juu ya kabati la chuma la nyaya zako, mimi nawasha." Wote wakanigeukia. Mkono wangu ulikuwa mfukoni tayari, unatafuta bisibisi.